Siku ya Boga

Isakki alining'inia karibu na paa la studio, akisubiri kuanguka.

Suti ya fedha ilimbana kifuani. Jasho lilimtiririka mgongoni, likashuka miguuni na kujaa ndani ya viatu. Chini yake kulikuwa na chombo cha kusafiria angani, cha mbao nyepesi zilizopakwa rangi ya chuma, na ubavu wake mmoja ulikuwa umeanza kubanduka. Kwingine kote kilining'inizwa kitambaa cha kijani. Watu wa kompyuta wangekuja baadaye kuweka nyota.

"Bado taa moja, Isakki!" aliita Masta Rathinam, mwalimu wa mapigano. "Usilale huko juu!"

"Sijalala, Masta. Ninaiva."

Watu wachache walicheka. Mwaka wa kwanza wangecheka wote. Lakini huu ulikuwa mwaka wa tatu wa filamu hii, na vicheko vilikuwa vimepungua kama maji ya kisima cha Chennai mwezi wa Mei. Seti ya kwanza ilibomolewa na mvua. Kisha shujaa wa filamu alinyoa nywele kwa ajili ya picha nyingine, wakamngoja ziote. Kisha mwongozaji akaota ndoto kwamba mapigano ya mwisho yafanyike bila mvutano wa dunia, watu wakielea, na kila kitu kikaanza upya kwa kamba.

Nyota wa filamu alikuwa na uso. Isakki alikuwa na mwili. Kila mahali ambapo nyota huyo alionekana akizungusha fimbo, akiruka juu ya vichwa vya maadui au akianguka kutoka chombo hadi chombo, alikuwa ni Isakki kwa nyuma, na wigi kichwani. Fimbo alifundishwa na marehemu baba yake huko Tirunelveli, uani kwao, tangu akiwa mdogo kuliko fimbo yenyewe.

Kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango lilikaa boga kubwa la kijivu, limepakwa manjano na unga mwekundu. Isakki aliliona vizuri kutoka juu. Siku ya mwisho ya kupiga picha huwashwa kafuri juu ya boga, likazungushwa mbele ya kamera, kisha likavunjwa langoni ili kila jicho baya lililowatazama livunjike nalo. Boga lisipovunjwa, filamu haijaisha. Na kwa miaka yote hiyo Parithi, mvutaji wa kamba yake, alikuwa amemwambia maneno yaleyale: "Siku ya boga nitazungumza na mama yako, nikupose."

Leo boga lilikuwepo. Na mama yake alikuwepo pia, amekaa mbele ya feni, mfuko wake mapajani, akiwa bado na vumbi la treni ya usiku kwenye sari yake.

"Tayari!" alisema Masta.

Isakki alifumba macho. Aligusisha kamba kwenye paji la uso, akaomba kama alivyoomba kila mara: Murugan, mshike anayenishika.

Kisha akaitikisa kamba mara mbili.

Hiyo ilikuwa salamu yao. Kamba ilipanda hadi kwenye kapi, ikapita na kushuka nyuma ya kitambaa cha kijani, walikosimama wavutaji. Hakuwaona. Lakini aliyesimama mbele yao, yule ambaye mkono wake ndio unaoamua utue kama unyoya au kama gunia, alikuwa Parithi, na Parithi hujibu kwa kuvuta mara moja, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Kwa mvuto huo Isakki alijua kwamba anapendwa kabla Parithi hajawahi kufungua mdomo.

Jibu lilikuja. Lilikuwa kavu, la haraka.

Huo si mkono wake, aliwaza. Lakini Masta alikwishapaza sauti, na Isakki alikuwa hewani, anazungusha fimbo yenye taa, dunia ya kijani ikimzunguka. Sakafu ikaja upesi kuliko ilivyopaswa. Visigino vikapiga mbao, na maumivu yakapanda hadi magotini.

Hakungoja mtu amfungue. Alijifungua mkanda mwenyewe, akapita chini ya kitambaa.

Mbele ya kamba alisimama Sudalai, mtu wa makamo mwenye sharubu nene, mikono bado imefungwa vitambaa. Parithi alikuwa amekaa pembeni juu ya kreti, mkono wa kulia ameulaza mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Nani alikuwa mbele?" Isakki aliuliza.

Sudalai alitazama kandambili zake. "Dada, mimi nili..."

"Sikukuuliza wewe, kaka. Namuuliza huyu aliyekaa juu ya kreti kama bwana harusi."

Wavutaji wengine walikumbuka ghafla kwamba wana kiu. Sudalai akawafuata, na kwenye kivuli cha kitambaa wakabaki wawili.

"Vuta pumzi kwanza," Parithi alisema.

"Pumzi yangu iache. Kamba yangu umempa nani?"

"Umemwona."

"Nataka unitamkie kwa mdomo wako."

Macho ya Parithi, ambayo siku zote yalimtafuta Isakki kwanza kila alipogusa sakafu, leo yalitazama chini. "Nimempa Sudalai."

"Tangu lini?"

"Leo, baada ya chakula."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unavalishwa."

"Pale! Nilikuwa pale, Parithi, ungenong'ona ningekusikia. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeogopa."

"Ndiyo, ningeogopa. Ningepanda nikijua ninachokiogopa. Wewe umenipandisha nikiwa nimetulia kama mjinga."

Kwa watu wa kamba kuna mengi yanayosameheka. Mtu akichelewa, akikosea, akija kazini na usingizi, Masta atamtukana na wataendelea. Lakini mkono wa mbele haubadilishwi bila aliye juu kuambiwa. Parithi mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo vijana wote waliojiunga na kundi lao.

"Ni bega," alisema mwishowe. "Msuli umechanika. Daktari anasema niache kamba kabisa."

"Tangu lini?"

"Tangu yale mapigano ya darajani."

"Darajani?" Isakki alikaa chini sakafuni, suti ikalia kama mpira. "Hayo yalikuwa kabla ya Pongal. Tumesherehekea mavuno, mwaka umefika mwezi wa Aadi, na wakati wote huo umenishusha kwa bega moja?"

"Nilikuwa navumilia."

"Unavumilia huku mimi nikiwa juu?"

"Nyuma yangu kuna watu watatu. Usingeanguka. Lakini jana..."

"Jana niliteleza. Nikafikiri ni mimi. Nililala nikijilaumu kwamba nimechoka, kwamba nimenenepa. Hata chakula sikula."

"Nisamehe."

"Unaniomba msamaha kama mtu aliyenikanyaga kwenye foleni."

Alimtazama. Alikuwa amekonda. Mvi chache zilikuwa zimejitokeza juu ya sikio, na Isakki hakukumbuka zilianza lini. Hasira ilikuwepo, ila hata hasira ilikuwa imechoka. Ilisimama kidogo, ikataka kukaa. Kilichobaki kilikuwa ni hofu.

"Asubuhi niliwaona wewe na mama mkinywa kahawa," alisema taratibu. "Mlizungumza nini?"

"Isakki, tuyaache hayo."

"Siku ya boga ni leo. Ulisema utazungumza naye. Ulimwambia nini?"

"Yeye ndiye aliyezungumza. Aliniambia mjomba wako anangoja uolewe na mwanawe Thavasi. Akaniuliza kama nitaweza kukutunza."

"Ukamjibu nini?"

Parithi alilitazama boga kule mlangoni. "Nikamwambia kwamba Thavasi ni mtu mwenye mikono miwili."

Isakki alicheka, na kicheko hicho kilimuumiza Parithi kuliko tusi.

"Kumbe. Kwa siku moja umenigawa mara mbili. Kamba yangu umempa Sudalai, na mimi mwenyewe umenipa kwa mtoto wa mjomba. Na yote mawili mimi nimekuwa wa mwisho kujua."

"Nilitaka uwe salama."

"Nilikuomba usalama lini? Nilikuomba uniambie."

"Msipige kelele," sauti ilisema nyuma yao. "Wale wa vinasa sauti wanatutazama."

Alikuwa mama yake, Pechiammal. Alikuwa amekuja polepole, akiruka nyaya moja baada ya nyingine kama mtu anayevuka mashamba ya mpunga, mfuko ameukumbatia. Parithi alisimama. Pechiammal alimpungia mkono akae, kisha akaketi yeye mwenyewe juu ya kreti nyingine na kushusha pumzi.

"Nimetazama tangu asubuhi," alisema. "Nieleze kitu kimoja. Hii ni miaka mia tatu ijayo?"

"Ndiyo, mama," Parithi alijibu.

"Wana vyombo vya kwenda kwenye nyota."

"Ndiyo, mama."

"Na bado wanapigana kwa fimbo za marehemu mume wangu?"

Parithi alitaka kucheka, akajizuia. Isakki hakucheka.

"Mama, ulimwambia nini huyu?"

"Sikumlazimisha. Nilimuuliza swali ambalo mama yeyote angeuliza, naye akanijibu mwenyewe." Alijifuta shingo kwa ncha ya sari. "Sikiliza, mwanangu. Baba yako alipofariki, nani alikuja na mkokoteni kuchukua vyombo vyetu? Mjomba wako. Siku ya kutobolewa masikio ulikaa mapajani mwa nani? Mwake. Ukalia ukamchania shati, naye akalivaa hivyohivyo mpaka jioni. Kwa desturi, mwanawe ndiye wa kwanza kukuposa. Hajawahi kulitaja hilo kwa ubaya. Thavasi si mtu mbaya."

"Sikusema ni mbaya. Ni ndugu yangu. Alinifundisha kuendesha baiskeli."

"Kila mwaka kaka yangu ananiuliza, na kila mwaka namjibu kwamba filamu haijaisha. Juzi ameniuliza kama hiyo filamu ipo kweli." Pechiammal alipiga mfuko kofi dogo. "Amenipa hii. Sari ya hariri. Amesema mwezi wa Aavani ukiingia, uivae harusini. Mimi nimechoka, Isakki. Nimechoka kumdanganya mtu aliyenipa paa. Boga likivunjwa tunakwenda stesheni. Kama kuna jingine la kusema, lisemwe leo, na lisemwe na mwenyewe."

Alimtazama Parithi. Isakki naye alimtazama Parithi. Feni kubwa ilinguruma. Parithi alitazama bega lake.

"Moja tena!" Masta Rathinam alikuwa anapiga makofi upande wa pili. "Fimbo ilizimika ikiwa hewani! Isakki, nisamehe binti yangu, mara moja tu, halafu sote twende nyumbani!"

Watu walinung'unika. Mtu alirudisha chini chupa ya maji aliyokuwa ameshaifungua. Isakki alijikongoja kusimama, visigino vikimwaka, akaanza kupita chini ya kitambaa. Kisha akasimama. Hakugeuka.

"Parithi. Nani yuko mbele?"

Swali hilo aliliuliza kwa sauti ya kazi, ya wazi, na wavutaji waliokuwa wakirudi walilisikia wote.

Parithi aliinuka kwenye kreti. Aliwaona wenzake wanaomtazama, akamwona Masta akichungulia, akamwona mama aliyekaa na mfuko wake. Kwa miezi mingi alikuwa amejipaka dawa chooni ili mtu asisikie harufu yake.

"Sudalai," alisema. "Sudalai yuko mbele. Mimi nitasimama kwenye ngazi, nje ya kamera, mahali utakaponiona. Nitamwambia wakati wa kulegeza." Aliugusa mkono wake wa kulia. "Bega langu limeharibika, Isakki. Siwezi kukushika. Leo siwezi, wala kesho sitaweza. Nilipaswa kukuambia tangu Pongal."

Masta Rathinam, mtu aliyekuwa na tusi kwa kila jambo, alijikuna kidevu na kutazama pembeni.

"Sawa," Isakki alisema. "Sasa nimeambiwa."

Akaenda kufungwa mkanda.

Juu kulikuwa kulekule, joto lilelile. Lakini safari hii pembeni mwa kitambaa kulikuwa na ngazi, na juu ya ngazi mtu, mkono mmoja ameshikilia chuma, mwingine umelala. Macho yao yalikutana. Hakutabasamu, wala Isakki hakutabasamu. Walitazamana kama watu wawili waliokaa siku nzima kwenye foleni ya hospitali na sasa majina yao yanaitwa.

Isakki aligusisha kamba kwenye paji la uso. Murugan, mshike anayenishika. Hakujua ni yupi kati yao anayemwombea, na akaona Mungu hatakosea.

Alitikisa mara mbili. Jibu likaja, kavu, la Sudalai. Hakuliogopa.

Akaanguka. Fimbo ilizunguka, taa zake zikachora duara, na katikati ya mzunguko akasikia sauti aliyoijua, tulivu, ikishuka pamoja naye: "Mwache... mwache... polepole... sasa!"

Vidole viligusa kwanza, kisha nyayo. Mbao hazikutoa hata mlio.

"Imepita!" mwongozaji alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake, kisha akafunika uso kwa mikono na kukaa hivyo, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona na hana nguvu ya kufurahi.

Boga lilichukuliwa. Kafuri ikawashwa, moshi ukapanda kwenye nyota ambazo bado hazikuwepo. Masta Rathinam alilizungusha mbele ya kamera, mbele ya chombo cha mbao, mbele ya vichwa vilivyochoka, akatoka nalo nje langoni huku wote wakimfuata kwenye jua la jioni. Alilinyanyua juu ya kichwa. Boga lilipasuka kwenye lami, nyama nyeupe na unga mwekundu vikatapakaa. Watu walipiga makofi mafupi, wakakumbatiana bila maneno mengi, wakaanza kutafuta viatu na pikipiki zao. Dereva mmoja aliuliza kama kuna vitumbua vya idli vilivyobaki.

Isakki alikuwa amevaa nguo zake za kawaida, nywele zimelowa. Mama yake alikuwa ameshafunga mkanda wa saa na kushika mfuko. Wakasimama karibu na vipande vya boga.

"Twende," Pechiammal alisema. "Treni haingoji kama mjomba wako."

Isakki hakusogea. Alikuwa amesema moyoni kwamba hataangalia nyuma, hataita. Alichotaka kusikia hakikuwa cha kuombwa.

"Mama." Parithi alikuja kutoka langoni. Alikuwa amevaa shati safi na kukosea vifungo, kwa kuwa alivifunga kwa mkono wa kushoto. "Mama, nilikujibu vibaya asubuhi."

"Ulinijibu kwa adabu sana."

"Nilijibu kwa woga. Nampenda Isakki. Nataka kumwoa. Hilo ndilo nililopaswa kulisema kabla kahawa haijapoa."

Isakki alikaza macho kwenye unga mwekundu uliokuwa barabarani, kwa maana yalianza kulengwa na machozi.

"Na bega?" Pechiammal aliuliza.

"Halitapona."

"Utafanya kazi gani?"

"Sijui, mama. Masta anasema nifundishe wavutaji wapya. Labda nitafundisha. Leo sijui, na sitaki kukudanganya kwamba najua."

"Kaka yangu atakuuliza hayohayo. Ana ulimi mkali."

"Nimefanya kazi na Masta Rathinam tangu nina miaka ishirini, mama."

Pechiammal alitoa sauti puani ambayo kwa mtu mwenye nguvu zaidi ingekuwa kicheko. Kisha akamgeukia binti yake.

"Wewe umemsamehe?"

Isakki alifikiri. Hakutaka kusema neno lililo kubwa kuliko lililokuwa moyoni.

"Bado," alisema. "Lakini ameniambia mbele ya watu. Mwenye kuniambia nitagombana naye, mama. Asiyeniambia siwezi hata kugombana naye."

"Mimi na baba yako tuligombana miaka kumi na minane."

"Najua. Tulikuwa chumba kimoja."

Barabarani pikipiki zilikuwa zinaondoka moja moja, kila moja ikikwepa vipande vya boga, kwa sababu vimebeba jicho baya, havikanyagwi. Pechiammal aliinua ncha ya sari na kuvizunguka yeye pia, taratibu, kwa hatua za mtu ambaye magoti yake hayajaisamehe treni ya jana. Alipofika mbele ya Parithi alisimama. Alimtazama kutoka vifungo vilivyokosewa hadi kandambili, kisha akamnyooshea mfuko.

"Humu mna sari ya kaka yangu," alisema. "Mimi siwezi kumrudishia, alinipa paa. Utapanda treni nasi, utanunua tambuu na nazi za posa pale stesheni, na utamrudishia kwa mikono yako. Akikufukuza, utakaa kibarazani mpaka achoke kukufukuza. Hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza."

Parithi alinyoosha mkono wa kulia, kwa mazoea, na uso wake ukakunjamana.

"Huo acha," Pechiammal alisema, akimzunguka na kumvika mkanda wa mfuko upande wa pili. "Beba kwa bega lililo zima."